Chai ya Alasiri ya Waingereza, na Swali Linalofaa Kuulizwa Mezani



Waingereza wana saa yao ya chai, nayo ni saa kumi alasiri. Si kikombe cha haraka anachokunywa mtu huku amesimama jikoni, bali ni kikao kamili chenye vyombo vyake, vyakula vyake na adabu zake. Familia nyingi za pwani zina jamaa katika miji ya London, Birmingham na Leicester. Vijana wetu huenda huko kusoma, mabinti zetu huolewa huko, na wazee husafiri kuwazuru wajukuu. Haipiti muda ila mgeni hualikwa chai, na jirani au na mwalimu wa mtoto. Sisi nasi tulipokwenda Leicester kuwatazama jamaa zetu tulialikwa vivyo hivyo. Tumeona ni vyema tuwaeleze kilichoko juu ya meza hiyo, kilikotoka, na namna ya kuketi hapo bila ya kupoteza dini wala adabu.

Tuanze na meza yenyewe. Hutandikwa kitambaa safi, na juu yake huwekwa buli la kauri, kikombe na kisahani chake kwa kila mtu, kidumu cha maziwa, bakuli la sukari na chujio. Katika hoteli na mikahawa huletwa kinara chenye sahani tatu, moja juu ya nyingine. Sahani ya chini huwa na sandwichi ndogo zilizokatwa vipande vyembamba na kuondolewa maganda ya mkate. Ndani yake huwamo tango lililokatwa jembamba na siagi, yai la kuchemsha lililopondwa, samaki aina ya samoni aliyekaushwa kwa moshi, au nyama. Sahani ya kati huwa na skonzi, na ya juu huwa na keki. Desturi ni kuanza chini na kupanda, kutoka kwenye chumvi hadi kwenye utamu.

Jina la skonzi tunalijua hapa Kenya, lakini skonzi yetu ni mkate mdogo laini wa hamira. Ya Waingereza haina hamira. Hufanywa kwa unga wa ngano, siagi, maziwa, sukari kidogo na baking pauda, kisha huliwa ingali na joto. Hupasuliwa kati, ikapakwa jamu na malai mazito ambayo hupatikana kwa kuyapasha maziwa moto mdogo kwa saa nyingi na kuyaacha yapoe. Watu wa Devon hutanguliza malai na jamu ikafuata juu; watu wa Cornwall hutanguliza jamu. Majimbo haya mawili ni jirani, na ubishi huu hawajaumaliza hadi leo.

Chai yao haichemshwi pamoja na maziwa kama yetu, wala haitiwi iliki na tangawizi. Buli hupashwa moto kwanza kwa maji, kisha hutiwa majani na maji yanayochemka, yakaachwa dakika chache yatoe rangi. Anayemimina ni mwenye nyumba au yule aliyemwomba amsaidie, naye humwuliza kila mgeni kiasi cha maziwa na sukari anachopenda. Kijiko kikishakoroga huwekwa kisahanini, hakiachwi ndani ya kikombe.

Hapa yafaa tuondoe mchanganyo mmoja. Wageni wengi hudhani kuwa kile Waingereza wakiitacho chai ya juu ndicho chenye heshima zaidi. Sivyo. Chai ya juu kilikuwa chakula cha jioni cha wafanyakazi, waliorudi kutoka viwandani na migodini wakaketi kwenye meza ndefu ya kulia, wakala nyama, mkate na chai nzito. Chai ya alasiri ndiyo iliyokuwa ya mabibi wakubwa, iliyonywewa sebuleni kwenye viti vya starehe na vijimeza vifupi.

Mabibi hao waliianzaje? Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili alimwoa binti wa mfalme wa Ureno, Catherine wa Braganza, wakati ambapo Wareno walikuwa wangali wanaishika Ngome ya Yesu hapa Mombasa. Bibi huyu alikuwa amezoea kunywa chai, na mazoea yake yakawa mtindo wa jumba la mfalme. Majani yalitoka Uchina, na bei yake ilikuwa kubwa mno, hata yakiwekwa ndani ya kisanduku chenye kufuli na ufunguo akaushika mwenye nyumba mwenyewe. Mwaka 1784 serikali iliushusha ushuru wa chai kutoka zaidi ya asilimia 100 hadi asilimia 12.5, na kikombe kikawafikia watu wa kawaida. Kuhusu ile saa ya alasiri, husimuliwa kuwa Anna Maria, mke wa mtawala wa Bedford, alikuwa akizidiwa na njaa katika jumba lake la Woburn Abbey, kwa kuwa chakula cha usiku kilikuwa kimesogezwa mbele hadi saa mbili. Yapata mwaka 1840 akaanza kuagiza chai na mkate chumbani mwake, kisha akawaalika rafiki zake, na desturi ikaenea.

Sasa tuje kwenye jambo linalomhusu Mwislamu zaidi. Meza hii ni nzuri kwa macho, lakini si kila kilichomo ni halali. Nyama ya ndani ya sandwichi mara nyingi huwa ni paja la nguruwe. Jeli, na baadhi ya keki zenye malai yaliyogandishwa, hutiwa jelatini ambayo aghalabu hutokana na nguruwe. Vitobosha vya mapishi ya kale pengine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Keki nyeusi ya matunda yaliyokaushwa mara nyingi hunyunyiziwa brandi, na kitamutamu kiitwacho trifle hutiwa mvinyo. Hoteli nyingi nazo hutanguliza gilasi ya mvinyo wenye povu kana kwamba ni sehemu ya chai. Basi mgeni afanyeje? Akae kimya na kula, ili asimwudhi mwenyeji? Au akatae mwaliko kabisa?

Njia zote mbili zina hasara. Ya kwanza inagusa dini, na ya pili inakata ujirani. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa kuuliza si ujinga. Jirani wa jamaa zetu, bibi mjane aliyepindukia umri wa miaka sabini, alitualika chai na akatuandalia kwa mikono yake. Miongoni mwa vyakula palikuwa na bakuli la jeli nyekundu yenye matunda. Shangazi yetu alimshukuru kwanza kwa taabu aliyoipata, kisha akamwuliza kwa upole jeli ile imetengenezwa kwa kitu gani. Bibi hakuudhika. Aliinuka, akaleta kasha la karatasi, akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti hadi alipofika kwenye jelatini ya nguruwe. Akaliondoa bakuli, akasema kuwa mjukuu wake halii nyama na kwamba amezoea kuulizwa. Kisha akatueleza kila kitu kingine kimoja kimoja: mayai, tango, siagi, unga. Tulikula tukashiba, na mazungumzo yakawa matamu zaidi kuliko pale tulipoanza.

Kisa hiki kina mizizi mirefu kuliko tulivyodhani, na sehemu ya mizizi hiyo imo katika mji uo huo wa Leicester. Utamu wa chai ya Waingereza wa zamani ulitoka katika visiwa vya Karibi, ambako Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari walilima miwa kwa mijeledi na kufa kwa wingi. Mwaka 1791 Bunge lilipoukataa mswada wa William Wilberforce wa kukomesha biashara ya watumwa, watu wengi waliamua kuiacha sukari hiyo. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima akikusanya ushahidi, alikadiria kuwa walioiacha walifikia watu 300,000. Wanawake hawakuwa na kura, lakini wao ndio waliosimamia manunuzi ya nyumba, na bakuli la sukari lilikuwa mikononi mwao. Baadaye yakauzwa mabakuli yenye maandishi ya kutangaza kuwa sukari iliyomo haikutengenezwa na watumwa.

Mwaka 1824 mwanamke wa Leicester, Elizabeth Heyrick, alitoa kijitabu akidai utumwa ukomeshwe mara moja, si kidogo kidogo kama walivyotaka wanaume mashuhuri wa wakati wake. Yeye na mwenziwe Susanna Watts walizunguka nyumba kwa nyumba mjini humo, wakiwaomba watu waache sukari ya watumwa. Heyrick alifariki mwaka 1831, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ikapitishwa mwaka 1833. Kwa hiyo mwanamke anayeuliza mezani kilichomo ndani ya chakula haleti jambo geni katika nchi ile. Wanawake wa huko waliuliza kabla yake, na swali lao lilisaidia kubadilisha sheria.

Liko na jambo la pili litakalomfurahisha msomaji wetu. Meza ya chai iliwahi kuwa silaha dhidi ya ulevi. Mwaka 1832 katika mji wa Preston, Joseph Livesey na wenzake waliweka ahadi ya kuacha pombe, na harakati yao ikawa na desturi ya kuandaa karamu kubwa za chai mahali pa karamu za pombe. Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook, aliyekuwa mtu wa harakati hizo hizo, aliwapakia watu wapatao 500 katika treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kwa nauli ya shilingi moja, kuhudhuria mkutano wa kupinga ulevi. Huko waliandaliwa chai, na safari ile ikawa chanzo cha biashara yake ya utalii iliyokuja kujulikana duniani kote. Mjini Glasgow, Kate Cranston alifungua mikahawa ya chai ambamo wanawake waliweza kuketi kwa heshima mbali na vilabu vya pombe. Ule wa mtaa wa Sauchiehall ulifunguliwa mwaka 1903. Basi gilasi ya mvinyo inayotangulizwa leo hotelini isimtie mtu haya kuikataa. Chai ile ina historia ndefu ya kusimama bila mvinyo.

Na majani je? Hapa ndipo safari inapoturudisha nyumbani. Mwaka huo huo wa 1903 mche wa chai ulipandwa Limuru, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza nje chai nyeusi kwa wingi zaidi duniani. Mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969, na hapo huuzwa pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyinginezo. Sehemu kubwa ya chai inayonywewa Uingereza hutoka Kenya na kupakiwa katika bandari yetu. Tulipomweleza jirani yule kuwa majani yaliyo bulini mwake huenda yalipita karibu na kwetu, alishangaa. Hakuwahi kuwafikiria akina mama wa Kericho, Bomet na Kisii wanaoamka na baridi ya alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi. Nasi tulio karibu nao tuseme kweli: ni wangapi kati yetu huwakumbuka tunapomimina chai yetu?

Kwa wenye safari mbele yao, tunawaachia nasaha chache. Mwambie mwenyeji mapema usichokula, si siku yenyewe chakula kikiwa mezani. Baadhi ya hoteli huandaa chai ya halali zikiarifiwa siku kadhaa kabla. Ukikosa hiyo, omba chakula cha wasiokula nyama, lakini uliza pia juu ya pombe, kwa kuwa keki isiyo na nyama yaweza kuwa na brandi. Zingatia sala: mwezi wa Disemba jua la London huzama kabla ya saa kumi, hivyo chai huangukia baada ya magharibi; mwezi wa Juni laasiri yenyewe huingia baada ya saa kumi na moja. Mwombe mwenyeji pembe tulivu ya chumba, naye mara nyingi atakupa kwa moyo mkunjufu. Usiende mikono mitupu, na urudipo nyumbani mwandikie kadi ya shukrani, kwani wao huithamini sana.

Kisha umwalike nawe. Jamaa zetu walimkaribisha bibi yule juma lililofuata. Walimpikia kaimati, sambusa za nyama na mkate wa sinia, na chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini. Kabla ya kugusa chochote, naye aliuliza, kwa upole ule ule, kila kimoja kimetengenezwa kwa nini, kwa sababu njugu humdhuru. Shangazi alimtajia vyote, akamtengea sahani yake.