Namba Moja ya Jumamosi Ile

Kwetu Saza betri tuliziita mawe. Mawe ya redio, mawe ya tochi. Na kwa kuwa Saza ni kijiji cha dhahabu, mawe mengine yalikuwa yale yanayotoka ardhini, yanayojazwa kwenye viroba na kupelekwa karashani kusagwa. Kwa hiyo ukiambiwa "kaka yako kaleta mawe", ilibidi uulize: mawe yapi?

Kaka alileta yote. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, akaingia kwenye maduara kama vijana wengine wa kwetu. Mwaka 2003, mimi nikiwa darasa la saba, yeye alikuwa mtu mzima mwenye hela yake, anayelala mchana na kuamka jioni. Jumamosi usiku zamu ilikuwa yake. Na Jumamosi usiku, saa tatu, ndipo redio ilipokuwa inapiga nyimbo kumi bora za wiki.

Hapo ndipo palipozaliwa mkataba wetu. Yeye anunue mawe manne, mimi nisikilize na kuandika, Jumapili asubuhi nimsomee.

Nieleze kidogo, kwa sababu najua wengine mnaosoma hapa mmekua na FM. FM kwetu ilikuwa kitu cha mjini. Saza wakati ule ilikuwa wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya. Huu mkoa wa Songwe umekuja 2016, na hadi leo mtu wa Saza akitaka kwenda makao makuu ya mkoa wake kule Vwawa, njia ya kawaida inamzungusha kupitia Mbalizi, yaani Mbeya. Umeme hatukuwa nao, simu hatukuwa nazo. Tulikuwa na mashimo ambayo Wazungu waliyaacha kabla ya Uhuru, mashimo mapya ya kwetu wenyewe, na masafa ya kati.

Masafa ya kati mchana ni kelele tu, kama mtu anakaanga kitu. Jua likizama hewa ya juu inabadilika, mawimbi yanayomezwa mchana yanaanza kudunda huko angani na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Hilo nilikuja kulisoma baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba usiku Mwanza inasogea, Dar inasogea, na Wazambia nao wanaingia na lugha zao katikati ya wimbo. Sauti inakwenda, inarudi. Unashika redio kwa mikono miwili, unaigeuza taratibu kama unatafuta mahali mtoto anapoumwa.

Redio ilikuwa ya mzee. National ya bendi tatu, imevalishwa kitambaa alichofuma mama. Sheria ya mzee ilikuwa moja: mawe yake ni ya taarifa ya habari ya saa mbili na vipindi vya salamu, basi. Muziki unakula mawe, alisema. Mzee huyuhuyu, ukimpa nafasi, atakusimulia Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab mpaka chai ipoe, lakini hao kwake hawakuwa muziki, walikuwa Radio Tanzania. Akishalala nilichomoa mawe yake, nikaweka ya kaka. Nilikuwa nimeyapiga alama kwa kisu. Baada ya kipindi nayarudisha ya mzee, ya kaka nayaficha. Yakianza kuchoka nayaanika juani, nayang'ata pembeni. Sijui kama kung'ata kulisaidia, ila kila mtoto alifanya hivyo.

Niliandika kwa mwanga wa koroboi, kwenye daftari la mraba la Hisabati, kwa haraka ya mtu anayejua kwamba mtangazaji hatarudia. Namba, jina la wimbo, msanii. Mshale wa kwenda juu kama wimbo umepanda, wa kwenda chini kama umeshuka, nyota kama ni mpya. Majina mengi nilikosea. Lady Jaydee nilimwandika "Ledi Jeidii" kwa miezi.

Asubuhi kaka anarudi mweupe kwa vumbi, kope nyeupe, anakaa chini ya mwembe na kikombe cha chai. "Haya dogo, anzia kumi." Simwambii namba moja hata akiomba. Nasoma, yeye anatoa hukumu: hiyo imechuja, hiyo wamembeba tu, hiyo bado ina mwezi. Kufika namba nne anaacha kunywa. Kufika mbili ananiangalia usoni asome jibu kabla sijasema. Mimi, mtoto wa darasa la saba, kwa dakika hizo kumi nilikuwa na kitu ambacho mtu mzima alikitaka na hakuwa nacho. Nadhani ndiyo iliyonipeleka kwenye uandishi wa habari, ingawa kwenye usaili wa chuo nilisema mambo ya kutetea wanyonge.

Na nyimbo zenyewe, jamani. Miaka kumi tu nyuma yake, kupiga rapu ya Kiswahili redioni lilikuwa jambo la kubishaniwa. Ilibidi Radio One ianze 1994, watu kama Taji Liundi na Mike Mhagama waipe nafasi kwenye DJ Show, ndipo wengine wakafuata. Kufikia daftari langu, zaidi ya nusu ya kumi bora zilikuwa za kwetu. T.I.D. na "Zeze". Juma Nature. Mr. Nice, ambaye hata mama alimwimba akipepeta mchele. Sugu naye tulimhesabu mtoto wa nyumbani, na watu wa Mbeya mjini walikuja kumfanya mbunge 2010.

Kaka alikuwa na wimbo mmoja: "Zali la Mentali" wa Professor Jay. Wote maduarani walikuwa nao. Ni kisa cha kijana choka mbaya aliyependwa na binti wa kitajiri, na kama hujawahi kuishi na wachimbaji huwezi kuelewa neno zali lilivyokuwa zito kule. Mchimbaji anaishi kwa zali. Anashuka mita arobaini chini kwa kamba kwa sababu jana jirani yake ilimtoka. Msanii mwenye jina kaimba kwamba zali lipo, na redio ya taifa zima inaupiga! Uliposhika namba moja kaka alicheka peke yake kama aliyeshinda kura.

Sasa tuseme ukweli, maana wengi tunaoandika kuhusu redio za zamani tunaandika kama vile orodha zile zilishuka kutoka mbinguni. Nani alihesabu? Kule Marekani, Casey Kasem alipoanza American Top 40 tarehe 4 Julai 1970, alisoma namba za jarida la Billboard, na nyuma ya namba hizo kulikuwa na maduka yaliyouza sahani na vituo vilivyozipiga. Sisi tungehesabu nini? Kanda zetu zilidurufiwa mtaani, msanii mwenyewe hakujua ameuza ngapi. Kulikuwa na barua, simu za watu wa mjini, baadaye ujumbe wa simu, na juu ya yote sikio la mtangazaji na marafiki zake. Barua kutoka Saza ingefika Dar wimbo umeshasahaulika. Hatukuwa na kura. Na hata kura zikiwepo, mnakumbuka BBC mwaka 2002, walipowaomba wasikilizaji wa dunia nzima wachague wimbo bora kuliko zote? Ulishinda wimbo wa kizalendo wa Ireland, ulioimbwa na kundi la Wolfe Tones, kwa sababu watu wake walijipanga kupiga kura. Wa pili ukawa wa Wahindi, "Vande Mataram".

Nayasema haya nikijua yanaweza kusomeka kama utetezi.

Jumamosi ile mawe yalikuwa ya wiki ya tano. Niliyaanika siku nzima. Kumi ikaja, tisa ikaja. Kufika tano sauti ilikuwa imeshuka mpaka nikalaza sikio kwenye kitambaa cha mama. Namba tatu niliisikia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Halafu kimya. Mawe ya mzee yalikuwa pale mezani. Nilinyoosha mkono, mzee akakohoa chumbani, nikaurudisha.

"Zali la Mentali" haukuwa umetajwa kuanzia kumi hadi tatu. Wiki iliyopita ulikuwa wa pili. Kwa hesabu yangu ama upo mbili, ama moja, ama umetoka kabisa. Nilikaa na daftari muda mrefu. Nikaandika namba mbili wimbo ambao wiki iliyopita ulikuwa wa kwanza. Namba moja nikaandika wa kaka, na mshale wa kwenda juu.

Asubuhi nilisoma kama kawaida. Nilipofika moja, kaka aliruka, akanibeba begani na vumbi lake lote. Jumatano hakurudi nyumbani moja kwa moja, na aliporudi hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alisema amechoka, nitamsomea siku nyingine. Mawe aliendelea kununua. Lakini "anzia kumi" sikuisikia tena, na Januari nikaenda sekondari, bweni. Nilidhani amekua tu.

Miaka ishirini nimeishi na maelezo hayo. Nimesoma chuo, nimeajiriwa, nimekuwa yule mhariri anayewaudhi vijana wa mafunzo kwa kuwauliza chanzo cha pili kiko wapi.

Mwaka juzi nilikuwa msibani Saza. Kijiji kimebadilika, kuna minara ya simu, na jirani yetu mgodi mkubwa wa New Luika umekuwa ukitoa dhahabu tangu 2012. Chini ya turubai mzee mmoja wa maduara akaniita. "Wewe ndiye mwandishi?" Nikasema ndiyo, nikataja gazeti. Akacheka. "Siyo gazeti bwana. Daftari."

Akasimulia mbele ya watu, kama kichekesho. Kwamba yeye na kaka yangu waliwekeana dau la kiroba kimoja cha mawe: yeye alisema Zali la Mentali umechuja, utatoka kumi bora, kaka akabisha. Jumatatu kaka akaja kifua mbele, namba moja, mdogo wangu ameandika, na akabeba kiroba. Jumatano dereva mmoja wa lori akatoka Mkwajuni, naye alisikiliza kipindi mpaka mwisho, akaapa wimbo ule haukuwemo kabisa. Wakamgeukia kaka. "Akasema dogo aliandika sawa, mimi ndiye niliyesoma vibaya. Tukamcheka, darasa la saba zima hujui kusoma! Tulimwita Kisomo cha Watu Wazima mpaka anaacha kazi."

Nikauliza kuhusu kiroba.

"Alirudisha changu akaongeza na chake. Na chake kilitoa, mwanangu. Niliezekea bati."

Watu walicheka, nami nikacheka, nikainuka kama naenda kunawa.

Desemba iliyopita ndipo nilipopata ujasiri. Kaka hashuki tena, kifua kinambana. Anauza vocha na kuchaji simu za watu. Ana simu yenye nyimbo elfu na kitu, anazipiga bila mpangilio. Daftari nililitoa kwenye sanduku la mama, nikaenda nalo dukani, nikamwambia yote, kuanzia kikohozi cha mzee.

Akanisikiliza huku anachomeka chaja ya mteja.

"Ulidhani sijui?" akasema. "Dereva aliposema vile nilikuja nyumbani nikalifungua. Ukurasa mzima umeandika kama kuku kaparua. Namba mbili na namba moja, mwandiko wa mtihani."

Niliangalia. Kweli. Herufi zimekaa mstarini, zimenyooka, hata Professor nimepatia. Mtu asiyekimbizana na sauti ya mtu.

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema angesema nini, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa wiki mbili mbele. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Kwani namba moja ilikuwa ipi?"

Ni kazi yangu kutafuta vitu, nimeitafuta. Nimepiga simu kwa watangazaji waliostaafu, nimeuliza mafundi mitambo. Kanda za vipindi zilirekodiwa juu yake vipindi vingine, karatasi zilitupwa. Nyimbo zenyewe zote zipo, ziko kwenye simu ya kaka. Ile orodha ya Jumamosi ile, iliyosomwa usiku mmoja kwa nchi nzima, sijaipata popote. Maandishi pekee ninayoyajua ni ya kwangu.

Nilitoa kalamu nifute ile mistari miwili. Kaka akanizuia mkono, kuna mteja anasubiri. Akamhudumia, akapunguza sauti ya simu yake, akavuta kiti.

"Haya. Anzia kumi."