Masisi: maji machafu ya nyumbani yaende wapi?

Mama mmoja wa Masisi alikuwa amezoea maisha ya kambi ya Bulengo, magharibi mwa Goma. Chini pale ni mawe ya volkeno. Akimwaga maji ya kufulia, yanapotelea kwenye nyufa na uwanja unabaki mkavu.

Mwezi wa pili 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, alirudi kijijini na watoto. Akachimba shimo moja nyuma ya nyumba na kumwaga kama alivyozoea. Baada ya siku chache shimo likajaa, kwa kuwa udongo wake ni wa mfinyanzi na haunywi maji haraka. Mvua iliponyesha, uchafu ukashuka hadi kwenye chemchemi. Jirani akaja na hasira, maana watoto wake wanachota hapo.

Kosa lake halikuwa uvivu. Alidhani maji yakipotea machoni yamesafika. Hata Goma, maji machafu hupita kwenye nyufa za mawe bila kuchujwa vizuri, na familia nyingi huko huchota maji ya ziwa. Kipindupindu si mgeni.

Kinachosafisha ni udongo wa juu, penye mizizi na vijidudu vinavyokula uchafu. Marekani kuna nyumba zinazotumia mabomba membamba yenye vitundu, yaliyofukiwa sentimita 15 hadi 30. Pampu hutoa maji kidogo kidogo ili ardhi ipumzike. Nayo hushindwa: vitundu vikiziba kwa mafuta, au maji yakizidi, yanatokea juu.

Huyu mama hana pampu, lakini akili ile ile inamfaa. Yeye na jirani wamechimba mifereji miwili mifupi, isiyo na kina, inayokata mlima kati ya migomba, mbali na chemchemi. Maji ya kufulia na ya jikoni hupita kwanza kwenye ndoo yenye kokoto na nyasi. Leo mfereji huu, kesho ule. Maji ya choo hayaingii humo.

Mashirika ya misaada hushauri shimo la maji machafu likae angalau mita 30 kutoka maji ya kunywa, na zaidi penye mawe yenye nyufa. Kwa walio Walikale, kwenye mvua nyingi ya msitu, ni vizuri kuchimba kwanza mtaro wa kukinga mvua upande wa juu.

Jirani bado hushuka kila asubuhi kutazama chemchemi. Mama hakasiriki tena. Siku nyingine wanashuka pamoja.