Dhamana ya Maisha: Maisha ya Nani?

Sisi watu wa Minembwe tunao ndugu wengi waliohamia Marekani, na huko motokaa ndiyo miguu ya kwendea kazini. Muuzaji akiwaambia kwamba injini na giaboksi zina dhamana ya maisha, waulize: maisha ya nani? Mwaka 2007 Chrysler walitoa dhamana ya namna hiyo. Ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza tu. Akiiuza motokaa, dhamana imekwisha. Tena ilibidi ikaguliwe kila miaka 5. Asiyeipeleka alipoteza yote. Matairi na breki havikuhesabiwa. Sheria ya huko ya mwaka 1975 yampa mnunuzi haki ya kuisoma hati kabla ya kununua. Basi tuwaandikie: mtoto asomaye Kiingereza awafasirie kwanza, hata muuzaji akitazama saa.