Tiba ya Kikundi Si Gor na Ingwe

Kuna ubishi unanichosha. Ati tiba ya kikundi ya ukweli ni ile ya mtaalamu na daftari la mazoezi. Wengine nao, ati ni ile ya watu kukaa duara na kumwaga ya moyoni. Watu wanashabikia utadhani ni Gor na Ingwe.

Mimi nimekaa kote kuwili tangu tumzike mamangu.

Kikundi cha kwanza, mshauri alituambia tuandike wazo linalotutesa, halafu tulipime. Langu: "Sitawahi kucheka tena." Akaniuliza, "Jana ulicheka?" Nilikuwa nimecheka na dadangu mdogo. Kikundi chote kikacheka, nami nikacheka.

Cha pili kilikuwa cha waliofiwa tu, hakuna daftari. Mzee mmoja akasema bado hupiga simu ya marehemu mkewe asikie tu kwamba mteja hapatikani. Nikasema, "Hata mimi, mzee." Usiku huo nililala.

Njia mbili tofauti, lakini kote nilishikwa na watu. Irvin Yalom, daktari wa akili Mmarekani, aliandika hayo kitabuni mwake mwaka 1970: kinachoponya kikundini ni pamoja na matumaini, kujua hauko peke yako, na kumsaidia mwenzako.

Halafu angalia jirani zetu Uganda. Utafiti uliochapishwa 2003 ulihusu vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mpangilio ulikuwa wa kitaalamu, lakini viongozi walikuwa wenyeji waliofunzwa wiki mbili. Sonona ilipungua sana kuliko kwa wale ambao hawakupata vikundi. Sasa hiyo utaiweka timu gani?

Sisemi zote ni sawa. Anayeacha pombe anahitaji waliopitia hapo. Anayewaza kujiua asiachiwe duara pekee, apelekwe kwa mtaalamu leo.

Kwa hivyo ukialikwa kikundini, usiulize kwanza kinaitwaje. Uliza nani anakiongoza, siri zetu zitabaki humu, na je, anajua ni lini mtu anahitaji daktari? Ukijibiwa vizuri, vuta kiti. Ukiona wanababaika, toka bana, hata kama chai ni ya bure.