Nilikwenda Badala ya Mama

Sikuenda Namugongo kumtafuta Mungu. Nilienda kwa sababu magoti ya Mama yalikataa.

Kila mwaka, mwisho wa Mei, Mama na wenzake wa jumuiya kule Busia huvuka mpaka na kutembea hadi Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Ni karibu kilomita 200. Lengo huwa kufika kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Mwaka huo daktari alimwambia magoti yamechoka, asijaribu. Akanipigia simu Nairobi.

"Uko na likizo?"

Nikasema niko nayo, kabla sijajua mtego uko wapi.

"Basi utanitembelea."

Nikadhani anataka niende nyumbani kumsalimia. Kumbe alimaanisha nitembee kwa niaba yake.

Alinipa rozari yake na chupa tupu ya nusu lita ya kujaza maji ya lile ziwa dogo la Namugongo. "Ukiona kusali ni ngumu, wacha," alisema. "Jaza tu hiyo chupa." Sikuwa nimemwambia chochote. Lakini Pasaka alikuwa ameniona nikibaki kwenye benchi watu wakipanga laini ya komunyo.

Mimi ni nesi. Nafanya kazi katika wodi ya akina mama waliojifungua, hospitali gani si muhimu. Miezi mitano kabla ya safari hiyo, nikiwa zamu ya usiku, mama mmoja wa miaka 23 alijifungua salama, halafu akaanza kuvuja damu. Si ile damu ya kutisha ya sinema. Ilikuwa ya polepole, pedi moja, nyingine, huku mapigo ya moyo yakipanda. Nilimpigia daktari wa zamu. Akaniambia niongeze dripu na dawa, niendelee kumwangalia. Nikaongeza. Nikamwangalia. Kitu ndani yangu kiliniambia nipige tena, lakini nilikuwa nimeshafokewa wiki hiyo kwa kusumbua watu usiku. Nilisubiri dakika 40. Nilipopiga mara ya pili tulikuwa tumechelewa.

Hakuna aliyenilaumu. Kwenye faili kila kitu kilikuwa sawa. Nilifanya nilichoambiwa. Lakini tangu usiku huo, kila nikianza Baba Yetu nilikuwa nakwama pale pa kuomba msamaha, kama gari lililozima kwenye mlima. Nikaacha kuanza. Nikajaza fomu za kwenda kufanya kazi Uingereza, na nikajiambia huko nitatafuta kazi isiyo na wagonjwa kabisa.

Tulivuka mpaka Mei 25, watu thelathini na kitu, bendera ya parokia mbele, pikapu ya masufuria na magodoro nyuma. Siku ya kwanza nilikuwa naona hii ni matembezi tu. Siku ya pili, kabla ya Bugiri, nilikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili na nilikuwa naichukia lami yote ya Uganda. Malori yanapita karibu mpaka shati linapepea. Jua linakupiga utosini na lami inakurudishia kutoka chini. Watoto wanakimbia pembeni wakipiga kelele, "Abalamazi! Abalamazi!" Yaani, mahujaji. Akina mama wanatoka kwenye maduka na majagi ya maji, hawakuulizi umetoka dhehebu gani wala kabila gani. Unakunywa, unashukuru, unaendelea.

Rozari nilikuwa naisema na mdomo tu, kwa sababu ilisaidia miguu kupata mdundo. Sitadanganya kwamba nilikuwa nasali.

Jioni, pale tulipolala kwenye ukumbi wa shule, nilichoma sindano kwenye moto wa jiko, nikatoboa lengelenge langu pembeni, nikakamua maji, nikaacha ngozi ya juu ilivyo, nikafunga. Mama mmoja alikuwa ananitazama. "Kumbe wewe ni daktari?" Nikasema hapana, nesi tu. Kufika saa tatu usiku nilikuwa na laini ya watu waliovua viatu. Beseni, chumvi, tochi ya simu. Nilikasirika kidogo, si nilikuja likizo? Lakini mikono ilikuwa inajua kazi yake, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nililala bila kuiona ile wodi.

Katekista wetu alikuwa na tabia ya kusimulia historia tukitembea. Mengi nilikuwa nimesikia tangu katekisimu: Kabaka Mwanga, vijana wa kasri, mauaji ya kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Karoli Lwanga akichomwa peke yake Juni 3, 1886, na kundi la wenzake likichomwa siku hiyo hiyo. Kizito, aliyekuwa na miaka kama 14. Lakini kati ya Bugiri na Iganga alisimulia habari za Yosefu Mukasa Balikuddembe, ambaye sikuwahi kumtilia maanani. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa vijana wa kasri kabla ya Lwanga. Oktoba 1885, askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Balikuddembe, Mkatoliki, mtumishi, akamwambia Kabaka usoni kwamba alichofanya ni kibaya. Novemba 15 mwaka huo huo akauawa, wa kwanza kati ya wale Wakatoliki 22.

"Angeweza kunyamaza," katekista alisema. "Hata huyo askofu hakuwa wa dini yake."

Nilibaki nyuma ya kundi kwa muda mrefu baada ya hapo.

Usiku huo, Iganga, mtu mmoja hakuja kwenye laini yangu. Wote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa amefanya hija hii mara sita. Alitembea kwa raba za mjukuu wake na soksi mbili, na hakuwahi kulalamika. Nilipopita karibu na mkeka wake nilisikia harufu. Manesi tunaijua ile harufu.

"Kukhu, nionyeshe mguu."

"Uko sawa."

"Nionyeshe tu."

Chini ya kidole kikubwa kulikuwa na kidonda kipana, cheusi kwenye kingo, na wekundu ulikuwa umepanda hadi kifundoni. Nikamuuliza kama anaumwa. "Hata hakiumi," akasema, akifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Hapo ndipo niliogopa. Nikamuuliza kama ana sukari. Akatazama ukutani.

"Ukiwaambia watanirudisha," alisema. "Mwaka huu nimebeba ombi la mtoto wangu. Zimebaki siku nne. Wewe nifunge tu, mwanangu, nyamaza."

Nilimsafisha, nikamfunga. Nikaenda nje, nikakaa kwenye ngazi. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Yeye ni mzee, mimi ni mtoto. Yeye ana imani, mimi nimekuja na chupa. Nani amenituma niingilie kati ya mwanamke na Mungu wake? Na nikagundua kwamba nilikuwa najipa sababu zile zile za usiku ule: usisumbue, umefanya ulichoambiwa, subiri kidogo.

Nikamwamsha katekista. Nikamwambia huyu mama asitembee hata hatua moja zaidi, na asingoje asubuhi ifike mchana. Saa kumi na moja alfajiri pikapu ilimpeleka hospitali Jinja. Aliingia bila kunitazama. Alisema jambo kwa lugha yake ambalo wenzake walikataa kunitafsiria.

Tulitembea. Jinja, tukavuka Nile. Msitu wa Mabira na kivuli chake, kuku wa vijiti na gonja za kuchoma pale Najjembe. Lugazi, Mukono. Mahali fulani ndani ya Mabira, bila mpango, nilianza Baba Yetu na nikafika mwisho. Haikuwa muujiza. Nilipita pale pa msamaha polepole, nikalitaja jina la yule mama wa miaka 23, nikaendelea.

Namugongo ni kelele na vumbi na watu maelfu kwa maelfu. Usitegemee utulivu. Kuna basilika iliyojengwa kwa mfano wa nyumba ya asili ya Kiganda, yenye nguzo 22, na chini ya altare ndipo inaposemwa Karoli Lwanga alichomwa. Watu wengine wamelala kwenye nyasi, miguu imevimba, wengine wanacheka, wauzaji wa rozari wanakuita kila hatua tatu. Nilipanga laini karibu saa mbili kufika majini. Nilijaza chupa ya Mama. Kisha nikanunua chupa ya pili, nikajaza.

Wakati wa kurudi nilishukia Jinja. Kukhu alikuwa kitandani, kidole kimekatwa, mguu umebaki. Daktari aliniambia siku mbili zaidi na ingekuwa hadithi nyingine. Nilimpa chupa. Hakusema asante. Aliuliza kama nililipeleka ombi la mtoto wake. Nikamwambia nililipeleka, na ilikuwa kweli. Akanyamaza, halafu akatoa mguu nje ya shuka. "Hebu angalia kama wamefunga vizuri."

Fomu za Uingereza bado ziko kwenye simu yangu. Sijazifuta, na sioni kama ni dhambi kuzibakisha. Lakini nilirudi wodini Jumatatu. Wiki mbili baadaye, usiku, mama mwingine, pedi nyingine, mapigo yanapanda. Nilipiga simu. Nikaambiwa niongeze dripu. Nikaongeza, nikahesabu dakika kumi, nikapiga tena. "Daktari, siridhiki. Naomba uje umwone." Alikuja amenuna. Sikujali. Yule mama alienda nyumbani Alhamisi na mtoto wake wa kiume.

Mama anasema magoti yamepata nafuu kidogo, mwakani labda ataweza. Mimi nimeshaomba likizo ya mwisho wa Mei. Nimenunua raba zilizonizidi kwa namba moja, maana miguu huvimba, na sindano za kutosha watu thelathini.