Nguzo ya Sebuleni Ilivyonigombanisha na Bro

Leo siongelei staa wala nani kamwacha nani. Leo ni mimi, bro wangu na nyumba ya mbao iliyodondoka saa sita usiku.

Kwa wasiolijua, Valheim ni gemu la kuishi porini kama Waviking wa zamani. Unakata miti, unawinda, unajenga. Limetengenezwa Uswidi na timu ndogo tu inaitwa Iron Gate, likatoka Februari 2021, na kama mwezi hivi likawa limeuza nakala milioni 5. Sisi tulilianza mwaka jana, bro akiwa ameshahamia mkoani kikazi. Ukweli ni kwamba tangu yale mambo ya kiwanja cha mzee, simu tulikuwa hatupigiani. Ila Jumamosi usiku tunakutana humo, hedifoni masikioni. "Dogo, leta mbao." "Bro, nguruwe pori nyuma yako." Ndo yalikuwa maongezi yetu ya kifamilia hayo.

Nyumba tuliijenga kwenye mteremko, inaangalia bahari, paa pana la nyasi. Wiki 3 nzima. Sasa katikati ya sebule bro aliweka nguzo moja hivi, inakera macho balaa. Siku nipo peke yangu nikasema ngoja niitoe. Nikashika nyundo, nikabonyeza kitufe cha katikati cha mausi, nguzo ikatoka. Kimya kidogo. Halafu paa likaanza kumeguka kipande kimoja kimoja mpaka nikaona nyota. Na mbao zote zipo chini pale, wala hujapoteza kitu. Nilikaa naziangalia tu.

Bro alipoingia akatazama, akasema, "Wewe kila kitu lazima uguse." Nikajua haongelei nguzo. Nikazima.

Sasa ile dunia yetu imehifadhiwa kwenye laptopu yangu. Nisipoifungua mimi, yeye haingii. Jumamosi mbili nikauchuna.

Ya tatu nikaingia mwenyewe kujenga upya. Nyie! Kila kipande cha paa nikikiweka juu kinavunjika hapo hapo. Nikalaumu gemu, nikalaumu laptopu. Kumbe majibu yapo kwenye rangi. Ukiwa na nyundo mkononi ukielekeza kwenye kipande, kinabadilika rangi. Bluu maana yake kimegusa ardhi. Kijani kimeshikiliwa vizuri, halafu njano, chungwa, mpaka nyekundu, na hapo ukiongeza kingine kinadondoka. Kadiri unavyoenda mbali na ardhi ndivyo uimara unavyopungua, na ukijenga kwenda pembeni unapungua haraka kuliko ukipanda wima. Ndo maana paa pana linafia katikati.

Basi nikazunguka kukagua nguzo moja moja. Nikafika za upande wa mteremko, zile alizosimamisha bro siku ya kwanza kabisa. Njano. Nikashuka chini nikachungulia. Jamani, zinaning'inia! Gemu lina tabia ya kukivuta kipande kijishikize kwa mwenzake, kwa hiyo unaona kimekaa sawa kumbe chini hewa. Nguzo zimeng'ang'ania ncha ya sakafu tu, udongo hazijaugusa. Kwa hiyo muda wote ile nguzo mbaya ya sebuleni ndo ilikuwa inatubeba.

Nikapiga picha. Nikamwandikia bro, "Ona nguzo zako." Kidole kipo kwenye kutuma kabisa. Nikakaa dakika nyingi tu. Nikafuta.

Nikazing'oa zile mbili, nikabonyeza Shift wakati wa kuweka ili zisijivute tena, nikazizamisha kwenye udongo mpaka zikasoma bluu. Katikati nikasimamisha magogo ya msonobari kutoka chini mpaka juu ya paa, maana yale yanahimili urefu kuliko mbao za kawaida. Yaani nguzo ya sebuleni ikarudi pale pale, na sasa nene zaidi. Inakera vile vile.

Saa nne usiku nikamtumia neno moja: "Nimefungua."

Akaingia. Akazunguka nje bila kusema kitu. Akaingia sebuleni, akasimama mbele ya nguzo.

"Umeirudisha."

"Eeh."

"Mi mwenyewe ilikuwa inanikera."

Nikacheka peke yangu. Akauliza, "Na za kule mteremkoni?"

"Nimezishusha kidogo tu."

Kimya. Nasikia anapumua kwenye maiki. Nikajua kaelewa.

"Mama anaendeleaje?" akauliza. Mara ya kwanza tangu msiba.

Tukaongea mpaka bando langu likakata. Picha bado ninayo, na siwaonyeshi.