Angani, "Sawa" Si Jibu

Ndege mbili zikigongana, swali la kwanza ambalo Wakenya huuliza ni, "Kwani hawakuonana?" Nimeliskia kwa kinyozi, kwa mathree, na hata kwa watu wenye digrii. Ni swali poa, lakini linaanzia mahali pabaya. Wacha nieleze.

Machi 5, 2024, asubuhi, ndege ya Safarilink aina ya Dash 8 ilipaa kutoka Wilson ikielekea Diani. Ndani mlikuwa na abiria 39 na wafanyakazi 5. Muda mfupi baadaye wakaskia mshindo mkubwa. Walikuwa wamegongana na Cessna 172 ya shule ya urubani ya hapo hapo Wilson. Cessna ikaanguka ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki. Dash 8 ikarudi Wilson na wote 44 wakashuka wazima.

Mimi sitasema nani alikosea. Hiyo ni kazi ya wachunguzi wa ajali za ndege. Ninachotaka kujibu ni hilo swali la kuonana.

Jicho la binadamu ni dhaifu sana kule juu. Ndege ambayo mtagongana nayo mara nyingi haisongi kwenye kioo chako. Inakaa pale pale kama doa la uchafu, halafu kwa sekunde chache za mwisho inakuwa kubwa ghafla. Tena Cessna 172 ina mabawa juu ya kichwa cha rubani, kwa hivyo ikipinda, bawa linashuka na kuziba upande ule ule inakoelekea. Nayo ndege inayopaa imeinua pua, na pua hiyo inaficha kilicho mbele na chini yake. Watu wawili makini kabisa wanaweza kukosa kuonana mchana kweupe.

Ndiyo maana kuna redio. Macho yakishindwa, maneno ndiyo yanabaki. Mwongoza ndege aliye mnarani anaongea na marubani wote kwenye masafa mamoja, na wote wanaskizana. Shida ni kwamba anaweza kuongea mtu mmoja tu kwa wakati. Wawili wakibonyeza pamoja, wengine wanaskia mlio tu.

Mlio huo umeua watu. Machi 27, 1977, kule Tenerife, visiwa vya Canary, kulikuwa na ukungu mzito. Ndege ya KLM ilikuwa mwanzo wa barabara ya kurukia, na ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya barabara hiyo hiyo. Rubani wa KLM akasema maneno ambayo hayakueleweka vizuri, kwamba wako kwenye kupaa. Mnara ukajibu "OK," ukanyamaza kidogo, kisha ukamwambia asubiri. Sekunde hiyo hiyo Pan Am nao wakasema bado wako barabarani. Sauti zikagongana. Kile KLM walikiskia vizuri ni ile "OK." Watu 583 wakafa, na hakuna ndege imewahi kuua wengi hivyo kwa ajali moja.

Fikiria hiyo "OK" kwa Kiswahili chetu. Ni "sawa." Sawa ya kwamba nimeskia, au sawa ya kwamba nimekubali? Au ni sawa ya kwamba nenda? Sisi tunaitumia kwa zote tatu, na tunatarajia mwenzetu abahatishe.

Kuna kitu kingine huwa kinaniuma kuhusu Tenerife. Ndani ya KLM, injinia aliuliza kama Pan Am wameshatoka barabarani. Kapteni, mtu mkubwa sana kwenye kampuni, akamjibu kwa uhakika kwamba wametoka. Injinia akanyamaza. Manze, nani kati yetu hajawahi kunyamaza hivyo? Tumelelewa tukijua mdogo hamuulizi mkubwa mara mbili. Nikiwa chuo, kabla niache, msee akiomba mhadhiri arudie alikuwa anachekwa darasa nzima.

Sheria za anga zilikataa tabia hiyo. Siku hizi neno la kupaa linatumika tu ruhusa ya kupaa inapotolewa au inapofutwa. Ukipewa agizo muhimu, kama urefu wa kuruka au barabara ya kutumia, hujibu "sawa." Unalirudia lote, na mwongoza ndege anaskiza kama umekosea namba. Usipoelewa, unamwambia arudie. Hata kama wewe ni mwanafunzi wa wiki ya pili na yeye ana miaka 30 kazini, lazima arudie.

Lakini kurudia kunasaidia tu kama anayekuongoza ni mmoja. Anga ya Somalia iliongozwa kutoka hapa Nairobi kwa miaka mingi chini ya ICAO, hadi mwisho wa 2017. Sasa inaongozwa kutoka Mogadishu, na Somaliland haikubali. Machi 2024, mwezi ule ule wa ajali ya Wilson, Somaliland ililaumu Mogadishu kwamba iliielekeza ndege ya Qatar Airways karibu igongane na ya Ethiopian. Serikali mbili zikivutana, rubani anaskia sauti mbili kwenye redio, na abiria wamelala.

Sisi wa Waithaka hatuna mnara, lakini Wilson si mbali, na ndege zake zinapita juu ya mabati yetu. Pale kuna wanafunzi, watalii wa Mara na madaktari wa AMREF, wote kwa anga moja. Kwa hivyo ajali ikitokea, tusiishie kwa "hawakuonana?" Tuulize nani aliambiwa nini, na alirudia vipi. Tuulize kama mnarani kuna watu wa kutosha, na kama wanapumzika. Tuulize kama mwanafunzi anafunzwa kusema "rudia" bila kuogopa.

Na hapa chini pia, mtoto wako au mfanyakazi wako akikuuliza mara ya pili, mjibu. Kule juu, kuna watu wako hai kwa sababu mtu aliuliza mara ya pili.